Uliza Mzee wa Ramani: Chuo kikuu kikija mkoani, kiende mji gani?

Barua tatu za mwezi huu zinalandana, nikaona niziweke pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa mpaka ndani ya nyumba yangu. Mbili zilizobaki nimezijibu kadiri zilivyohitaji.

BARUA YA KWANZA

Mzee wa Ramani, shikamoo. Mimi ni seremala hapa Kahama, natengeneza vitanda na meza. Kijiweni kwetu Nyihogo tumebishana wiki nzima. Mwenzetu mmoja kasema siku serikali ikiupa mkoa wetu chuo kikuu kizima, si tawi, lazima kiende Shinyanga kwa kuwa ndiyo makao makuu ya mkoa. Sisi tukasema Kahama. Sensa ya 2022 imetukuta wengi kuliko Shinyanga mjini, biashara iko huku, malori ya Rwanda na Burundi yanapita huku, na mgodi wa Buzwagi umefungwa ukaacha majengo na uwanja wa ndege. Tumewekeana kreti la soda. Wewe uliyepanga miji, unaamuaje?
Seremala, Kahama

Marahaba, fundi. Kreti hilo msilifungue kwanza.

Nimekaa kwenye vikao vya kutafuta maeneo ya taasisi kwa miaka 31, na karibu kila kikao kilianza na neno lilelile: kustahili. Mji wetu unastahili. Wilaya yetu imesahaulika. Mzee mmoja aliwahi kusimama akataja jina kwa jina vijana wa kwao waliokufa vita vya Kagera, akakaa, akasema basi, mtupe chuo. Simcheki, uchungu wake ulikuwa wa kweli na ukumbi mzima tulinyamaza. Ila katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu akiuliza swali ambalo mimi ningelianza nalo: huyo mhadhiri atakayepangiwa huko, mke wake atafanya kazi gani? Au mume wake?

Wanafunzi hawanipi shida. Kijana aliyepata nafasi na mkopo atakwenda popote. Mpeleke Kibondo, mpeleke Nanyumbu, atashuka na begi lake na godoro lililokunjwa kwa kamba, atatafuta geto, akikosa atabebwa na mwenzake bwenini, walale wawili kitanda kimoja mpaka bumu, ile fedha ya mkopo, litoke. Anajua ni miaka mitatu au minne. Mwalimu ndiye tunayemtaka akae miaka 30, na mtu mzima hahami peke yake.

Hili sikulisoma popote, lilinikuta. Mwaka 1986 nilipangiwa wilaya moja ya kusini nikiwa na mtoto mmoja. Mke wangu alikuwa mkaguzi wa rangi katika kiwanda cha nguo Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuchukua kipande cha kitambaa kilichotoka kutiwa rangi, bado kina unyevu, akakisogeze dirishani na kukilinganisha na kipande cha mfano, maana taa za kiwandani alikuwa haziamini. Huko nilikopelekwa palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga na duka la ushirika lenye chumvi na viberiti. Angeenda kukagua nini? Nilikaa miezi 14, nala kwa mama ntilie, naandika barua. Mwisho nikapeleka cheti cha daktari kinachosema kifua changu hakipatani na vumbi la kule. Kifua hakikuwa na neno lolote. Nikarudishwa Morogoro, na ile wilaya ikabaki haina afisa mipango miji kwa muda ambao sitaki kuutaja.

Sasa yamerudi kwa binti yangu. Ni mhadhiri katika chuo kimoja cha serikali, jina lake nitakaa nalo mwenyewe. Mumewe ni fundi wa mitambo ya majokofu Dar es Salaam, na wajukuu wawili wako kwetu Morogoro kwa bibi yao. Mwaka juzi nilimtembelea, nikafika Alhamisi. Kesho yake saa saba mchana nikamsindikiza stendi. Nikakuta watu kama ishirini wenye mikoba mizito, nikadhani wanatoka mnadani, kumbe ni wahadhiri wa idara mbili. Ndani ya mikoba mna karatasi za majaribio, zinasahihishwa garini. Ratiba ya masomo ya muhula ule niliiona imebandikwa ukutani: Jumanne hadi Alhamisi vipindi vimebanana kama dagaa kwenye sado, saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, halafu Jumatatu na Ijumaa nyeupe, utadhani ni sikukuu. Mwanafunzi akimhitaji msimamizi wake Ijumaa jioni anampata kwenye simu, na nyuma anamsikia kondakta.

Jamani, chuo kile kina majengo mazuri. Kina maji. Mji wake unastahili kwa kila kigezo cha mkutanoni. Kilichokosekana ni kazi ya yule fundi wa majokofu, na shule ambayo mama mwenye shahada ya uzamivu angethubutu kumpeleka mwanawe.

Kwa kipimo hicho, fundi, upande wenu mmeanza vizuri. Kahama ina benki, maghala, gereji za malori, maduka ya vipuri, hospitali, shule binafsi, na kampuni zinazouzia migodi. Mume au mke wa mhadhiri akiwa mhasibu, mfamasia au fundi umeme atapata pa kushika, na asipopata atafungua chake. Shinyanga mjini nako kuna kazi, ila nyingi ni za serikali, na kazi ya serikali huwezi kuibishia hodi tu. Unaomba uhamisho, unasubiri, unakumbushia, unasubiri tena.

Hoja yenu ya Buzwagi nimeisikia ikichekwa na wengine, mimi siicheki hata kidogo. Ukitazama vyuo vikuu vyetu vilivyoanza, utaona mara nyingi chuo kilifuata jengo lililokuwa wazi, habari za mji zikaja baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, ndani ya jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi 14 wa sheria, mwanamke mmoja tu. Mlimani kilipanda 1964. Mkwawa ya Iringa ilikuwa sekondari, na kabla ya hapo shule ya watoto wa Wazungu. 2005 ikawa chuo kishiriki cha ualimu. Dodoma nayo 2007 ilianza na ukumbi wa Chimwaga, ukumbi wa chama, palepale CCM ilipomteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995. Waliokaa kwenye viti vile wakipiga kelele za chama, miaka 12 baadaye watoto wao wanakaa hapohapo wanafundishwa takwimu.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwetu Morogoro. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC, walipewa eneo Mazimbu, wakajenga shule ya watoto wao waliokimbia baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto 1976, wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana wao aliyenyongwa na serikali ya makaburu. Mwaka 1992 walipokuwa wanarudi kwao wakaikabidhi kwa serikali yetu, ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nilikuwa nikipita pale kwa baiskeli. Kilichorithiwa kilikuwa kijiji kizima: madarasa, nyumba za walimu zenye vyumba vya watoto, shule ya awali na ya msingi, hospitali, karakana ya useremala, shamba. Mwalimu wa Sokoine aliyepewa nyumba Mazimbu alihama na familia yake, na mjini Morogoro si mbali.

Kambi ya mgodi ni kitu kingine. Mgodi hujenga chumba cha mtu anayelala zamu: kitanda, kabati, bafu, basi. Mkewe yuko Mwanza, yeye anaingia wiki kadhaa, anatoka. Ukimpa mhadhiri chumba cha namna hiyo umemjengea palepale sababu ya kuondoka Ijumaa. Karakana ya mitambo mikubwa ni mali, nakubali; uwanja wa ndege ni mali; eneo lenyewe limeshatengwa kwa ajili ya viwanda, na mwanafunzi wa uhandisi akiwa na kiwanda upande wa pili wa uzio hana haja ya kuhangaika kutafuta fildi kila likizo. Kwa hiyo Buzwagi ihesabiwe kama jirani mzuri wa chuo, nyumba za walimu mjenge mpya, mjini, penye shule.

Kuhusu maji nitasema kidogo, maana hapo mmefungana. Bomba la Ihelele linatoa maji Ziwa Viktoria na kuwaletea nyote wawili, Shinyanga na Kahama, tangu lilipozinduliwa 2009. Ila msidhani ni jambo dogo. Ofisini kwetu tulizoea kupiga hesabu ya lita 70 kwa siku kwa kila mwanafunzi wa bweni. Wanafunzi 5,000 ni lita 350,000. Siku bomba likipasuka unahitaji maboza 35 ya lita elfu kumi kumi, kila siku, kabla jiko halijawasha moto. Waulize Dodoma: mji wenye mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, unategemea zaidi visima vya Mzakwe, ukaletewa chuo kilichopangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Ndoo na madumu ya Chuo Kikuu cha Dodoma yana historia yake.

Na nikiwa hapo Dodoma, najua mwenzenu wa kijiweni atasema: mbona Dodoma walipeleka chuo mahali penye ukame, penye ajira chache, na kimesimama? Ni kweli. Kimesimama kwa sababu mbili ambazo mikoa mingine haina. Kwanza, mifuko ya hifadhi ya jamii ilikopesha ujenzi wake, vitivo vikapanda vilimani kwa haraka ya ajabu, na deni likabaki mikononi mwa serikali kwa miaka mingi. Pili, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulikuwa umelala tangu 1973, na kuanzia 2016 wizara zikahamia kweli. Chuo kilitangulia serikali kwa miaka tisa. Wahadhiri wa mwanzo walivumilia; sasa wenza wao wako wizarani Mtumba. Kahama wala Shinyanga haina serikali inayohamia nyuma ya chuo, kwa hiyo msijipime na Dodoma.

Linalofuata ni kitu ambacho kijiwe chenu hakikukitaja kabisa: chuo cha kufundisha nini? Nyie mmebishania ganda la yai. Kikiwa cha udaktari, nawapa Shinyanga soda zao leo hii, kwa sababu hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mwawaza, na daktari hafundishwi pasipo wagonjwa wa kutosha na madaktari bingwa wa kumsimamia. Kikiwa cha sheria, Shinyanga tena, Mahakama Kuu iko pale. Ushirika na biashara ya mazao, tayari Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi lake Kizumbi, hapohapo Shinyanga, na sioni sababu ya kulipatia mpinzani umbali wa kilometa mia na ushee. Lakini kikiwa cha uhandisi, madini, usafirishaji na biashara ya mipakani, sijui mji mwingine wa ukubwa wenu wenye darasa la bure kama Kahama. Malori yanapita mlangoni, reli na bandari kavu ziko Isaka, machimbo yako Bulyanhulu, na mgodi uliofungwa mnao, kitu ambacho wanafunzi wa mazingira wanahitaji kukiona kwa macho.

Nasikia tayari mheshimiwa fulani atakayekuja na suluhu ya kugawa: kitivo hiki Shinyanga, kile Kahama, wote wafurahi. Kataeni. Nimeona chuo kilichogawanywa hivyo. Kulikuwa na basi moja la kijani, na basi likiharibika kozi nzima inaahirishwa. Maktaba mbili, kila moja nusu. Mkuu wa chuo anaishi barabarani.

Kingine ni umbali kutoka mjini. Halmashauri zetu zina ugonjwa wa kukipeleka chuo pembeni kabisa, "kuna ardhi ya kutosha", kilometa 20 porini, ili mji ukue kuelekea huko. Mji haukui hivyo. Kinachokua ni safu ya vyumba. Nilipokuwa kazini nilikwenda kukagua ujenzi holela karibu na chuo kimoja, nikaingia ua wa mama mmoja mchangamfu sana. Alikuwa na vyumba sita vya wapangaji. Cha saba alikuwa anakimalizia: fundi anapiga lipu ndani, na kwenye kona bado kuna kamba ya mbuzi imefungwa kwenye mti wa boriti. Nikamwambia mama, hili lilikuwa banda. Akaniambia, "Lilikuwa, mwanangu. Mbuzi halipi kodi ya miezi sita." Dirisha lilikuwa na upana wa karatasi ya ofisini. Niliandika ripoti, nikapendekeza libomolewe, na nikiondoka nilimkuta binti na mama yake wanaulizia bei.

Tusidhani ni wa mikoani tu. Dar es Salaam yenyewe, pamoja na Mlimani kuwa na kilima kizima, wanafunzi walitawanyika hosteli za Mabibo na mitaani kwa miaka mingi, mpaka 2017 yalipofunguliwa yale mabweni ya kuchukua wanafunzi 3,840. Mwanafunzi aliyekuwa anashuka daladala mbili kufika kipindi cha saa moja, kimbweta cha jioni, ile meza ya zege ya kujisomea, hakukijua. Akimaliza darasa anawahi gari.

Kwa hiyo, fundi, hukumu yangu. Kahama, kama ni uhandisi na biashara, na kama kitakuwa mahali ambapo mtu anaweza kutoka darasani akafika sokoni kwa miguu. Kikiwa cha tiba au sheria, Shinyanga. Nusu ya kreti mnywe nyie, nusu mumpelekee huyo mwenzenu, naye kapata. Na wewe binafsi anza kufikiria vitanda vya futi tatu kwa sita vya ghorofa, mabweni huagiza kwa mamia.

BARUA YA PILI

Mzee, habari ya kwako. Nina duka la vitabu vya mitumba hapa Eldoret. Makomredi, yaani wanafunzi wa chuo, wengi ninaowauzia husafiri kwa matatu kuja na kurudi Kesses, karibu kilomita 35. Ni kwa nini Chuo Kikuu cha Moi kiliwekwa kule na sio hapa mjini?
Mwenye duka, Eldoret

Njema, ndugu yangu, na pole kwa madeni wanayokuachia makomredi wakifunga muhula.

Miaka hiyo Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja, Nairobi. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada, Colin Mackay, ikapendekeza cha pili, kiwe cha teknolojia na kishughulikie matatizo ya vijijini. Ukishaandika neno "vijijini" kwenye ripoti, anayetafuta eneo hawezi kusimama mbele ya rais na ramani ya katikati ya mji. Sheria ikapitishwa 1984, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 83 tu, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Nairobi. Kwa mwanafunzi wa misitu Kesses haikuwa adhabu, kitabu chake kimesimama nje ya dirisha.

Tazama lakini kilichotokea baadaye. Chuo kilipotaka kufundisha udaktari, shule ya tiba hawakuipeleka Kesses. Iliwekwa Eldoret mjini, ubavuni mwa hospitali ambayo leo ni ya rufaa na mafunzo. Hakuna aliyelazimika kubishana, wagonjwa walikuwa mjini. Kwetu Muhimbili ilikuwa vilevile: mafunzo ya udaktari yalianza 1963 hospitalini na mpaka leo hayajatoka pale.

Wapangaji tunapenda ardhi kubwa ya bei ya chini, nakiri kosa la taaluma yangu. Hesabu ya siku ile huonekana nzuri sana kwenye jedwali. Nauli haimo. Fedha iliyookolewa 1984 makomredi wako wanairudisha kidogo kidogo kwa makanga wa matatu, asubuhi na jioni. Na sasa Eldoret yenyewe imepewa hadhi ya jiji mwaka 2024, kwa hiyo huenda mji ukakifuata chuo badala ya chuo kuufuata mji. Wewe usihame na duka lako. Fungua kibanda cha pili kule, cha fotokopi.

BARUA YA TATU

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kijijini kwetu zimekuja taarifa kwamba kampasi ya chuo kikuu itajengwa, na mwenyekiti ananishauri ninunue heka mbili mapema kabla bei haijapanda. Nina mkopo wa benki unaotoka mwezi ujao. Ninunue? Jina na wilaya mnihifadhie.
Mwalimu

Marahaba, mwalimu. Huo mkopo uache ulale kwanza.

Kuna mambo mawili unayachanganya, na mwenyekiti wako anakusaidia kuyachanganya. Ardhi iliyo karibu na chuo hupanda bei. Ardhi iliyo ndani ya eneo la chuo hutwaliwa, nawe unalipwa fidia. Kwa macho zinafanana, ni mashamba yaleyale ya mihogo, na mpaka wake unaonekana kwenye mchoro tu.

Nenda halmashauri ya wilaya, ofisi ya ardhi na mipango miji, uombe kuona mchoro wa eneo. Usikubali cha kuchorwa kwa mkono nyuma ya daftari. Ukiona bikoni zimeshawekwa, omba wakuonyeshe namba zake kwenye mchoro, halafu rudi shambani na kijana mwenye jembe mzitafute. Bikoni ni zege lenye chuma katikati, usidanganywe kwa jiwe lililopakwa chokaa.

Uliza pia kama mthamini ameshapita. Hili ndilo limewaliza wengi. Mthamini akishahesabu na kupiga picha, kinachoongezwa baada ya siku hiyo hakilipwi. Nimewaona watu wakipanda miembe usiku kwa taa ya chemli. Miche mia mbili kwenye robo heka, imepangwa kama wanafunzi mstarini. Mthamini alicheka mpaka akakaa chini. Na anayekuuzia baada ya uthamini atabaki na jina lake kwenye orodha ya malipo, wewe utabaki na karatasi yake ya mauziano.

Kama shamba ni lako kihalali na limo ndani, sheria za ardhi za 1999 na kanuni zake za 2001 zinakupa zaidi ya bei ya ardhi. Thamani ya soko ya ardhi, mazao na jengo. Posho ya usumbufu. Posho ya usafiri wa mzigo wa tani 12. Na ukiwa na nyumba unayoishi, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36. Fidia ikichelewa kupita miezi sita, unaanza kudai riba. Watu wengi husaini fomu bila kusoma mistari hii, wanaangalia jumla ya chini tu.

Mauziano ya ardhi ya kijiji hayawi ya watu wawili na mwenyekiti chini ya mwembe. Yapite halmashauri ya kijiji, yaingie kwenye muhtasari wa kikao, muhtasari uwe na tarehe na mahudhurio, na wewe uwe na nakala. Mwenyekiti akisema hakuna haja, muulize heka zake yeye ziko upande gani wa bikoni.

Ukienda wilayani nenda asubuhi Jumanne au Jumatano, na ubebe hela ya fotokopi. Watakwambia mashine ya ofisi mbovu. Ya dukani ng'ambo ya barabara ni nzima siku zote.